ASKARI WA NYATI
Habari za Rejimenti Mbili za Wapanda Farasi Weusi wa Marekani

Farasi ni mnyama asiyezoeleka sana katika Afrika ya Mashariki. Mbung'o na maradhi yamemzuia kuenea katika sehemu nyingi, na kwa hiyo askari wa nchi hizi tangu zamani walizoea kwenda kwa miguu. Walakini katika mabara mengine, kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili, askari mpanda farasi ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Yeye alitangulia mbele kupeleleza, yeye alichukua habari, na yeye alimfuatia adui aliyekimbia. Siku hizi vita havipiganwi tena kwa namna hiyo, na katika majeshi mengi farasi wamebakia kwa gwaride na sherehe tu. Lakini habari za wapanda farasi wa zamani zina mafunzo mengi, na mojawapo iliyo kubwa ni habari ya rejimenti mbili za watu weusi wa Marekani, Rejimenti ya 9 na Rejimenti ya 10, ambazo zilijulikana kwa jina la Askari wa Nyati.

Watu wengi wa Afrika ya Mashariki walilisikia jina hili kwanza katika wimbo wa Bob Marley, mwimbaji wa Jamaica, uliotolewa mwaka 1983, miaka miwili baada ya kufa kwake. Wimbo ni mfupi, bali historia ni ndefu. Makala haya yanaeleza askari hao walikuwa nani, walifanya kazi gani, walilipwa nini kwa utumishi wao, na kwa sababu gani jina lao lingali likitajwa hata leo.

Kutoka Utumwani Hadi Jeshini

Kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 watu wa Marekani walipigana wenyewe kwa wenyewe. Majimbo ya kusini yalitaka kujitenga ili yapate kuendelea na utumwa, na majimbo ya kaskazini yakakataa. Katika vita hivyo watu weusi wapatao 180,000 waliandikishwa katika jeshi la kaskazini, na wengi wao walikuwa watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Vita vilipokwisha, utumwa ulikomeshwa kwa sheria. Lakini likabakia swali moja: Je, mtu mweusi aliyeshika bunduki wakati wa shida ataruhusiwa kuishika wakati wa amani pia, kama askari wa kudumu wa nchi yake?

Jibu lilitolewa tarehe 28 Julai 1866. Siku hiyo sheria ilipitishwa iliyoamuru kuwekwa rejimenti sita za watu weusi katika jeshi la kudumu: nne za askari wa miguu na mbili za wapanda farasi. Baada ya miaka mitatu zile nne za miguu ziliunganishwa zikawa mbili. Za farasi zilibakia kama zilivyoanzishwa, yaani ya 9 na ya 10. Rejimenti ya 9 ilikusanywa katika jimbo la Louisiana, chini ya Kanali Edward Hatch. Rejimenti ya 10 ilikusanywa katika ngome ya Fort Leavenworth, jimbo la Kansas, chini ya Kanali Benjamin Grierson, ambaye kabla ya vita alikuwa mwalimu wa muziki. Maofisa wote wa kwanza walikuwa wazungu.

Askari wa kawaida aliahidi kutumika miaka mitano, akapewa mshahara wa dola 13 kwa mwezi, pamoja na chakula, nguo na mahali pa kulala. Mshahara huo haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa sawasawa na ule wa askari mzungu wa cheo kile kile. Kwa mtu ambaye mwaka mmoja au miwili iliyopita alikuwa akilima pamba bila ujira, na ambaye yeye mwenyewe aliweza kuuzwa sokoni, fedha hiyo ilikuwa na maana zaidi ya hesabu yake. Ilikuwa ushuhuda kwamba yeye ni mtu, na kwamba kazi yake ina thamani.

Wengi wa askari hao hawakujua kusoma wala kuandika, kwa sababu katika majimbo mengi ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma kulikatazwa na sheria. Kwa hiyo sheria ya 1866 iliamuru kila rejimenti ya watu weusi iwe na kasisi wake, na kazi yake isiwe kuhubiri tu, bali pia kuwafundisha askari elimu ya mwanzo. Mchana walijifunza kutandika farasi, kumsugua, kumlisha na kumtazama kwato. Na wakati wa faragha walishika kalamu. Watu wengi waliingia jeshini wakitia alama ya msalaba badala ya jina, wakatoka wakiandika barua kwa mikono yao wenyewe.

Mwanzo ule haukuwa mwepesi. Pale Fort Leavenworth mkuu wa ngome aliwaweka askari wapya wa Rejimenti ya 10 katika bonde lenye maji maji, na wengi wakaugua. Aliamuru pia wasisimame karibu na askari wazungu katika gwaride. Kanali Grierson alibishana naye kwa ajili ya watu wake, na mwishowe akawaondoa pale, akaenda nao magharibi.

Asili ya Jina

Magharibi ya Marekani ilikuwa nchi pana ya nyika, milima na jangwa. Wenyeji wake wa asili, ambao wageni waliwaita Wahindi Wekundu, walikuwa wa makabila mengi: Wacheyenne, Wacomanche, Waapache na wengineo. Makabila ya nyikani yaliishi kwa kuwinda nyati wa Amerika, mnyama mkubwa mwenye manyoya mazito ya kujisokota kichwani na mabegani. Wenyeji hao ndio waliowapa wapanda farasi weusi jina la Askari wa Nyati. Wengine husema kwamba sababu ilikuwa nywele za askari, zilizofanana na manyoya ya nyati. Wengine husema kwamba ilikuwa ushupavu wao, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa hakimbii bali humgeukia mwindaji. Ijapokuwa hadithi ni mbili, askari wenyewe walilipokea jina hilo, na baadaye Rejimenti ya 10 iliweka sura ya nyati katika alama yake.

Kazi Katika Nchi Kame

Watu wengi hudhani kwamba maisha ya askari wa farasi yalikuwa kupiga mbio na kushambulia kila siku. Kwa kweli, sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kazi ya mikono na ya subira. Walijenga maboma, walitengeneza barabara, walisimamisha nguzo za simu ya waya, walisindikiza magari ya posta, na walichora ramani za nchi isiyokuwa na ramani. Walilala nje wakati wa theluji na wakati wa jua kali.

Taabu ya nchi ile ilionekana wazi katika mwezi wa Julai 1877. Kapteni Nicholas Nolan alitoka na askari wapatao 40 wa Rejimenti ya 10, pamoja na wawindaji wa nyati, kuwafuatia Wacomanche katika uwanda mkavu wa Texas unaoitwa Llano Estacado. Walipoteza nyayo, kisha wakakosa maji. Walikaa saa 86, yaani zaidi ya siku tatu na nusu, bila ya kupata maji. Farasi walianguka mmoja baada ya mwingine, na watu wakanywa damu yao ili midomo isikauke kabisa. Wengine walipotea njia kwa kuchanganyikiwa. Askari wanne na mwindaji mmoja walikufa. Waliosalia walifika kwenye maji kwa makundi makundi, na wale waliofika kwanza walijaza vyombo vyao wakarudi jangwani kuwatafuta wenzao.

Miaka mitatu baadaye Kanali Grierson aliyatumia mafunzo ya jangwa kwa akili. Victorio, kiongozi hodari wa Waapache, alikuwa akipigana na majeshi ya nchi mbili, Marekani na Mexico, akipita milimani upesi kuliko askari waliomfuata. Grierson aliona kwamba kumkimbiza ni kuwachosha farasi bure. Badala yake aliwaweka askari wake kwenye visima na chemchemi za magharibi ya Texas, wakamngoja. Katika Julai na Agosti 1880 Victorio alikuta kila penye maji pana bunduki, ikambidi arudi Mexico. Huko aliuawa na jeshi la Mexico katika Oktoba 1880.

Sajini George Jordan

Katika vita hivyo hivyo jina la Sajini George Jordan wa Rejimenti ya 9 lilipata sifa. Jordan alizaliwa mtumwa katika jimbo la Tennessee. Alipoingia jeshini mwaka 1866 hakujua kusoma. Alijifunza humo humo, akapanda cheo. Mwezi wa Mei 1880 alikuwa njiani na askari 25, wamechoka kwa safari ya siku nzima, alipofika mjumbe kuwaambia kwamba kijiji cha Tularosa katika New Mexico ki karibu kushambuliwa na watu wa Victorio. Jordan aliwaeleza askari wake hatari iliyoko na uchovu walio nao, kisha akawauliza kama wataweza kuendelea. Walikubali. Wakaenda usiku, wakafika asubuhi, wakatengeneza ukuta wa boma na kuwaingiza ndani wanawake, watoto na wanaume wa kijiji. Jioni ya tarehe 14 Mei washambuliaji zaidi ya 100 walifika. Askari 25 waliwazuia, na hakuna mwanakijiji wala askari aliyeuawa.

Kwa tendo hilo, na kwa jingine la mwaka uliofuata, Jordan alipewa mwaka 1890 Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika Marekani. Hakuwa wa kwanza. Sajini Emanuel Stance wa rejimenti hiyo hiyo alikwisha kuipata mwaka 1870.

Lakini mwisho wa Jordan ni wa kusikitisha. Alistaafu mwaka 1897 baada ya utumishi wa miaka 30, akakaa katika mji mdogo wa Crawford, Nebraska, karibu na ngome ya Fort Robinson. Mwaka 1904 aliugua, akaomba kulazwa katika hospitali ya ngome ile. Akaambiwa kwamba hapana nafasi. Akafa nyumbani kwake. Alipozikwa, jeshi lilimpa heshima zote za kijeshi. Heshima ambayo mgonjwa aliihitaji kitandani ilimfikia kaburini.

Swali Lisilo Jepesi

Mtu anayejifunza historia hii kwa haki hawezi kupita bila kuuliza: Askari hawa walipigana na nani? Walipigana na watu waliokuwa wakinyang'anywa nchi yao. Makabila ya wenyeji yalifungiwa katika maeneo maalum, mara nyingi ya ardhi mbaya. Nyati wao waliuawa karibu wote. Na waliokataa kukaa humo walifuatwa na jeshi. Katika Desemba 1890, pale Wounded Knee, Rejimenti ya 7 ya wapanda farasi, ambayo ilikuwa ya wazungu, iliwaua Walakota zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Kesho yake Rejimenti hiyo ya 7 ilizungukwa na Walakota bondeni. Waliokuja kuiokoa walikuwa Askari wa Nyati wa Rejimenti ya 9, waliokuwa wamesafiri usiku kucha.

Basi aliyetoka katika utumwa alitumwa kumtiisha mwingine aliyekuwa akipoteza uhuru wake. Wazee walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hata leo wako wenyeji wa asili wa Amerika wasiopenda kusikia Askari wa Nyati wakisifiwa, na sababu yao inaeleweka. Kwa upande mwingine, askari mwenyewe alikuwa na njia chache. Katika majimbo ya kusini watu weusi waliuawa na makundi ya wahalifu bila kesi, na haki ya kupiga kura waliyopewa walinyang'anywa. Jeshi lilimpa mshahara, elimu na bunduki ya halali. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi mwema huyashika yote mawili bila kuficha moja.

Na hata katika sare ya serikali askari hakuwa na salama. Katika miji ya mipakani ya Texas askari weusi walipigwa risasi na raia, na mara nyingi wauaji waliachiliwa. Askari aliyelilinda gari la posta la mji aliweza kukataliwa kuketi katika duka la chakula la mji huo huo.

Luteni Flipper

Katika mwaka 1877 Henry Flipper, aliyezaliwa mtumwa katika Georgia, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha maofisa cha West Point. Kwa muda wa miaka minne ya masomo wanafunzi wenzake wazungu hawakusema naye isipokuwa kwa mambo ya kazi. Alipelekwa katika Rejimenti ya 10. Katika ngome ya Fort Sill palikuwa na madimbwi yaliyoleta homa. Flipper, aliyekuwa fundi wa uhandisi, alipima ardhi, akachimbisha mfereji, maji yakaondoka na homa ikapungua. Mfereji huo ungali ukiitwa kwa jina lake.

Mwaka 1881 alishitakiwa kwamba ameiba fedha za jeshi alizokuwa akizitunza. Mahakama ya kijeshi haikumwona na hatia ya wizi. Lakini ilimhukumu kwa mwenendo usiomfaa ofisa, na mwaka 1882 akafukuzwa. Maisha yake yote yaliyobakia alifanya kazi ya uhandisi, akidai haki yake, wala hakuipata. Alikufa mwaka 1940. Mwaka 1976 jeshi liliibadili hati yake ikawa ya kuachishwa kwa heshima, na tarehe 19 Februari 1999 Rais Bill Clinton akamsamehe rasmi. Ilikuwa miaka 117 tangu kufukuzwa.

Vita vya Cuba

Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania katika kisiwa cha Cuba. Rejimenti ya 9 na ya 10 zilipelekwa, lakini meli hazikutosha, na farasi wengi waliachwa katika Florida. Kwa hiyo wapanda farasi walipigana kwa miguu. Tarehe 1 Julai, katika vilima vya San Juan, walipanda pamoja na askari wazungu chini ya moto mkali wa Wahispania. Sajini George Berry wa Rejimenti ya 10 alimwona mshika bendera wa Rejimenti ya 3, ya wazungu, ameanguka. Akaiokota bendera ile, akapanda kilima na bendera mbili, ya wenziwe na ya kwake.

Siku moja kabla yake, pale Tayacoba, kikundi cha Wamarekani na Wacuba kilikuwa kimekwama pwani na majeruhi. Majaribio kadha ya kuwaokoa kwa mashua yalishindwa. Ndipo askari wanne wa Rejimenti ya 10, Dennis Bell, Fitz Lee, William Thompkins na George Wanton, walijitolea, wakaenda usiku na kuwatoa. Wote wanne walipata Nishani ya Heshima.

Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais, alipigana karibu nao na mwanzoni aliwasifu. Lakini mwaka 1899 aliandika kwamba askari weusi huwategemea mno maofisa wao wazungu. Sajini Presley Holliday wa Rejimenti ya 10, aliyekuwapo vitani, alimjibu kwa barua iliyochapishwa katika gazeti la watu weusi, akieleza jambo moja moja jinsi lilivyotokea. Hapa matunda ya shule ya kasisi yalionekana: sajini alijua kutumia bunduki, na alijua pia kutumia kalamu.

Kanali Young na Afrika

Mtu ambaye habari zake zinaliunganisha jeshi hili na Afrika ni Charles Young. Alizaliwa mwaka 1864 katika Kentucky, wazazi wake wakiwa watumwa. Baba yake alitoroka akaingia jeshini. Young alihitimu West Point mwaka 1889, mtu mweusi wa tatu kufanya hivyo, akatumika katika Rejimenti ya 9 na baadaye ya 10. Mwaka 1903 aliwekwa kuwa msimamizi wa mbuga ya taifa ya Sequoia katika California. Askari wake waliilinda miti mikubwa na wanyama, wakazuia mioto na wawindaji wa wizi, na katika kiangazi kimoja walimaliza barabara iliyowawezesha watu kuufikia msitu kwa magari ya farasi. Kwa hiyo Askari wa Nyati walikuwa miongoni mwa walinzi wa kwanza wa mbuga za taifa za Marekani.

Mwaka 1912 Young alipelekwa Liberia kuwa mshauri wa kijeshi. Alilitengeneza jeshi la mipaka la nchi ile, akajeruhiwa, akaugua vibaya homa ya malaria iliyozidi. Aliporudi kwao, mwaka 1916 aliongoza askari wa Rejimenti ya 10 katika msafara wa Mexico. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Marekani mwaka 1917, yeye alikuwa ofisa mweusi wa cheo cha juu kuliko wote, na ilitazamiwa kwamba atakuwa jenerali. Lakini baadhi ya maofisa wazungu walilalamika kwamba hawataki kupokea amri za mtu mweusi. Madaktari wa jeshi walimkuta na shindikizo la damu, akapewa cheo cha kanali na kustaafishwa.

Young hakutukana mtu. Mwezi wa Juni 1918, akiwa na umri wa miaka 54, alipanda farasi wake nyumbani kwake Wilberforce, Ohio, akaenda hadi Washington, safari ya maili 497, kwa siku 16, ili kila mtu aone kama yu mgonjwa au mzima. Jeshi lilimrudisha kazini siku chache tu kabla ya vita kwisha. Mwaka 1920 alipelekwa Liberia mara ya pili. Alipokuwa katika safari ya kazi aliugua, akafa Lagos, Nigeria, tarehe 8 Januari 1922, akazikwa huko kwa heshima za kijeshi. Mwaka uliofuata mwili wake ulirudishwa Marekani, ukazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Cheo cha jenerali alichonyimwa alipewa mwaka 2022, miaka 100 baada ya kufa kwake.

Kazi ya Young haikupotea. Kijana mmoja aliyemsaidia katika masomo yake, Benjamin Davis, aliingia Rejimenti ya 9 mwaka 1899 akiwa askari wa kawaida. Mwaka 1940 Davis aliwekwa kuwa jenerali, mtu mweusi wa kwanza katika jeshi la Marekani.

Mwisho wa Farasi

Tangu mwaka 1907 kikosi cha Rejimenti ya 9 kilipelekwa West Point kuwafundisha wanafunzi wa uofisa kupanda farasi. Kwa muda wa miaka 40, hadi 1947, vijana wazungu waliotazamiwa kuwa majenerali walifundishwa na masajini weusi. Lakini nje ya chuo, bunduki za rashasha, magari na vifaru vilikuwa vimemshinda farasi. Katika Vita Kuu ya Pili rejimenti zote mbili zilipelekwa Afrika ya Kaskazini. Zilifika huko mwaka 1944, na muda mfupi tu baadaye zikavunjwa bila ya kupigana. Askari waligawanywa katika vikosi vya kazi. Walikuwa wamefunzwa vita; wakapewa kupakua mizigo na kutengeneza barabara.

Hata hivyo siku za kuwatenga askari kwa rangi zilikuwa zikikaribia mwisho. Tarehe 26 Julai 1948 Rais Harry Truman alitoa amri kwamba watu wote katika majeshi ya Marekani watendewe sawasawa bila kujali rangi, dini wala asili. Ilikuwa siku mbili tu kabla ya kutimia miaka 82 tangu sheria ile ya 1866. Baadaye jina la Rejimenti ya 9 lilifufuliwa, na katika vita vya Vietnam kikosi chake kilifanya kazi ya upelelezi kama zamani, lakini kwa helikopta. Na askari wake walikuwa watu wa rangi zote.

Kumbukumbu

Mwaka 1982 Colin Powell, aliyekuwa jenerali pale Fort Leavenworth, aliona kwamba katika ngome ambamo Rejimenti ya 10 ilizaliwa, hapakuwa na kumbukumbu ila vijia vidogo vilivyoitwa kwa majina ya rejimenti. Akaanza kutafuta njia ya kuweka ukumbusho wa kufaa. Tarehe 25 Julai 1992 Powell, ambaye sasa alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Marekani, alirudi akafungua sanamu ya shaba ya askari mweusi juu ya farasi. Mwaka 2013 nyumba ya Charles Young ilifanywa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2021 sanamu nyingine ilisimamishwa West Point, katika uwanja ambapo masajini wa Rejimenti ya 9 walifundisha. Mark Matthews, mmoja wa wazee wa mwisho waliotumika na farasi katika Rejimenti ya 10, alikufa mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 111.

Sanamu haziwezi kulipa deni lote. Jordan hakupata kitanda, Flipper hakuisikia hukumu yake ikifutwa, na Young hakuvaa nyota ya jenerali. Wala sanamu haziwarudishii Waapache na Walakota nchi yao. Lakini zinafanya jambo moja lililo muhimu: zinamzuia mtu wa leo asiseme kwamba hakujua. Watu walioandikishwa mwaka 1866 wakitia alama ya msalaba waliacha majina, na majina hayo sasa yanasomwa na watoto wa rangi zote.

Maswali kwa Wanaojifunza

1. Sheria ya 28 Julai 1866 iliamuru nini, na kwa nini kila rejimenti ya watu weusi iliwekewa kasisi?

2. Eleza jinsi Kanali Grierson alivyomzuia Victorio bila ya kumkimbiza. Ni fundisho gani alilolipata katika nchi kame?

3. Sajini Jordan aliwauliza askari wake kabla ya kwenda Tularosa. Je, mkuu akiwauliza watu wake hupunguza amri yake, au huiongeza nguvu?

4. Mtu aliyeonewa akitumwa kumwonea mwingine, lawama ni ya nani? Jadilianeni mkikumbuka maisha ya askari na maisha ya wenyeji pia.

5. Charles Young alitumia farasi na safari kujibu waliosema kuwa ni mgonjwa. Presley Holliday alitumia kalamu. Linganisheni njia hizo mbili.